Fomu ya Chebet Iliyobaki Droo ya Chini

Meza ya ushauri wa vyuo katika shule yetu ina droo tatu. Ya juu ni ya kalamu, muhuri na stepla. Ya kati ni ya daftari la maneno ya siri, ambalo nitalieleza. Ya chini haifungi vizuri tangu siku nilipoikuta, na seremala wa shule alikuwa akiahidi kuitengeneza kila muhula mpaka mimi na yeye tukazeeka. Nawaandikia nyinyi mtakaoikalia meza hiyo baada yangu. Mkitaka kujua nilipandishwa cheo lini, ulizeni afisini. Mimi nitasema ya meza.

Baba yangu alitoka Nyeri akiwa kijana, akafungua duka la vitambaa na mafuta ya taa pale Sotik. Mimi nilizaliwa nyuma ya kaunta. Kikipsigis nilikijua kwa kuuza, kabla Kikuyu changu hakijanyooka, na kazini kilinifaa kuliko cheti changu cha ualimu, kwa sababu mzazi akisikia mwalimu anayeitwa Wangari anamsalimu "Chamgei" bila kujikwaa, hucheka kwanza, halafu husema ukweli. Wasichana waliniita Madam. Wengine bado wananiita hivyo wakiwa na watoto mgongoni.

Siku ya kwanza nilipewa darasa la Kiswahili na, kwa kuwa nilikuwa mgeni na sikujua kukataa, nikapewa pia kumsaidia Mwalimu Koech kwenye meza ya vyuo. Koech alifundisha Jiografia. Alikuwa mwembamba, mwenye sweta moja ya kijani aliyoivaa mvua ikinyesha na jua likiwaka. Alinipa kitabu kikubwa cha kozi, akaniambia, "Soma hiki kama Biblia, lakini usikiamini kama Biblia." Kulikuwa na kozi humo zenye majina marefu kuliko muda wa kuzisoma.

Mengi ya maana niliyoyajua niliyapata kwake. Alinifundisha nisimuulize mtoto anataka kuwa nani, maana wote watasema daktari, hata yule anayezimia akiona kuku akichinjwa. Uliza ni kazi gani angependa kuiamkia asubuhi yenye baridi. Mzazi akija, tazama ni nani anayejibu maswali. Kama ni mzazi, mrudishe mtoto kesho yake peke yake. Cheti halisi hakitoki mkononi, toa nakala. Na andika kwa wino wa buluu, ili ijulikane kwamba saini ni ya mkono wa mtu.

Enzi hizo fomu zilikuwa za karatasi, tukizijaza mezani pangu mpaka vidole vinakufa ganzi. Baadaye ukaja mtandao. Shule ilikuwa na kompyuta mbili, moja ya prinsipo na moja ya kuonyesha wageni, kwa hivyo nilikuwa nikiwapeleka wasichana saiba, chumba cha kompyuta za kulipia, kule mjini Sotik asubuhi, kwa sababu mchana mvua ikipiga stima hupotea. Mtandao ulitaka kila mwombaji awe na neno la siri na namba ya simu. Neno la siri lilikuwa jina la msichana na namba yake ya shule, na yote niliyaandika kwenye daftari la droo ya kati, siri ya watu arobaini kwa mwandiko wangu. Simu nyumbani kwao ama hazikuwepo, ama zilikuwa za wajomba ambao hawapokei. Basi nikaweka namba yangu. Mwaka mmoja ukazaa mwingine, na simu yangu ikawa simu ya darasa zima.

Kabla sijafika kwa Chebet, lazima niwaambie habari za Cheptoo, la sivyo mtadhani nilikuwa na roho mbaya tu.

Cheptoo alikuwa wa miaka yangu ya kwanza. Kabla hata ya mtihani wa kidato cha nne, chuo kimoja kidogo kilikuja shuleni na gari lenye spika, kikisajili mapema. Alijaza fomu siku hiyohiyo, mimi na Koech tukasaini tukifurahi kwamba mtoto amepata pa kwenda. Matokeo yalipotoka alikuwa amepita vizuri sana, alama za kusomea sheria chuo kikuu. Lakini alikuwa ameshaingia kile chuo kidogo, karatasi zake wamezifungia, na kila alipozifuata aliambiwa mwenye funguo amesafiri. Kufikia wakati mwenye funguo aliporudi, nafasi ilikuwa imekwenda kwa mwingine. Siku hizi Cheptoo anafundisha chekechea. Tukikutana soko la Sosiot hunisalimia vizuri, halafu anatazama viazi.

Koech aliumia. Alichukua karatasi ya manila, akaandika kwa kalamu nene: HAKUNA FOMU KABLA YA MATOKEO. Akaibandika ukutani juu ya meza. Alipostaafu aliniachia meza, kitabu na ile manila. Ilipochakaa niliiandika upya, na ilipochakaa tena nikaiandika tena. Sikuwahi kujiuliza kama vyuo vyote ni kile kimoja.

Chebet alikuja mezani mwezi wa Septemba, muhula wa mwisho wa kidato cha nne. Alikuwa msichana mrefu, mpole, mwenye mwandiko wa kunyooka kama aliyetumia rula. Mamake alikuwa mchunaji katika shamba la kampuni moja ya majani chai, na waliishi wawili kwenye chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi. Alishika fomu ya shule ya wauguzi ya hospitali moja ya misheni. Shule hiyo ilipokea maombi mapema, ikawaita watahiniwa kwa mahojiano baada ya mtihani, na matokeo yakifika kiwango darasa lilianza Machi, wanafunzi wakilala hukohuko. Fomu ilikuwa imejaa kila mahali isipokuwa sehemu moja: alama zinazotarajiwa, saini ya mwalimu wa ushauri, kisha muhuri wa prinsipo. Prinsipo wetu hakupiga muhuri kabla saini yangu haijaonekana.

"Madam, naomba unisainie hii."

Nilimwonyesha ukuta. Akaisoma ile manila kana kwamba hajawahi kuiona, na alikuwa ameiona miaka minne.

"Wewe utapata alama za udaktari," nikamwambia. "Unakimbilia nini? Subira huvuta heri."

Akasema polepole, akitazama viatu vyake, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, Madam."

Nilicheka. Mwalimu wa Kiswahili akijibiwa methali kwa methali hufurahi, na nilifurahi kabisa, nikasahau kwamba mtoto alikuwa anajibu swali. Akaendelea. Kampuni ilikuwa imeleta mashine za kuchuna upande wao. Mamake na wenzake walikuwa wameambiwa kazi inaisha Desemba, na kazi ikiisha chumba kinarudi kwa kampuni.

"Mimi siwezi kusubiria nyumbani, Madam," akasema, "kwa sababu nyumbani hakutakuwepo."

Maneno hayo niliyasikia vizuri. Msifikirie sikusikia. Nilimwambia aiache fomu, nitaifikiria, nikaitia droo ya chini.

Sasa niseme lile ambalo sikulisema popote. Kwenye lango la shule yetu kuna ubao wa majina ya wasichana walioingia chuo kikuu, na kozi zao. Una walimu, wahasibu, wa kilimo, wawili wa sheria. Daktari hakuna. Shule ya jirani inao watatu na prinsipo wao hutukumbusha kila mkutano. Chebet ndiye niliyekuwa nimemwekea nafasi pale juu. Muuguzi wa diploma haandikwi kwenye ubao ule. Nilimpenda yule mtoto, lakini nilipokuwa nikimwambia asubiri nilikuwa natazama lango.

Mwezi wa Oktoba alikuja na mamake. Yule mama alisimama mlangoni na gambuti zake za mpira, akaogopa kuchafua sakafu, mpaka nilipomvuta kwa mkono. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Nilimweleza kwa Kikipsigis jinsi mtu anavyoweza kujifungia mlango mkubwa kwa kuingia mdogo mapema. Nilimsimulia Cheptoo. Nilieleza vizuri sana, nakumbuka. Alisikiliza, akamtazama binti yake, akanitazama mimi.

"Wewe ndiye mwalimu," akasema. "Sisi hatujui hayo."

Kwetu huku hakuna jibu zito kama hilo, na mimi nililichukulia kama shukrani. Chebet alikuja mara ya tatu siku ya mwisho ya kupokea fomu, akasimama tu mbele ya meza. Nikamwambia aende akasome, mtihani uko karibu. Angeweza kuvuka uwanja akaenda kwa prinsipo, na prinsipo angeniita aniulize, na huenda ningeona haya nikasaini. Hakwenda. Watoto wa huku hawapiti juu ya kichwa cha mwalimu. Tunawafundisha hivyo, na tunawasifu kwa hilo siku ya kufunga shule.

Desemba walitoka kwenye nyumba ya kampuni, wakahamia kwa nyanya yake, kwenye mlima nyuma ya Kaplong. Mama na binti wakawa wanachuna majani kwenye mashamba madogo ya majirani, wakibeba vikapu mgongoni mpaka kituo cha kuuzia. Januari matokeo yakatoka. Chebet alipata B ya juu. Ni alama nzuri, walimu wenzangu walinipongeza, lakini ya udaktari haikuwa. Aliposhuka kwa miguu kuja kujaza maombi ya mtandao, tulienda pamoja saiba. Chaguo la kwanza nilimwekea udaktari hata hivyo, nikasema tujaribu bahati. La pili alichagua mwenyewe: shahada ya uuguzi.

"Hiyo ya pili ndiyo yangu, Madam," akasema.

Mtandao ukataka namba ya simu. Hakuwa na simu. Niliandika yangu, kama kawaida.

Nilimuuliza jinsi wanavyoishi. Akasema wako salama, ila nyanya anakohoa. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa imeanza kuwa kama ya mamake. Machi ikaja ikapita, na kule kwa misheni darasa likaanza. Nakumbuka niliona kanisani kwetu tangazo la kufunguliwa kwa darasa hilo, nikageukia kitabu cha nyimbo.

Aprili mvua ndefu ikatukuta. Mnaijua mvua yetu: asubuhi jua safi, saa nane wingu linakuja kutoka upande wa msitu, saa tisa mvua ya mawe inachana majani. Siku hiyo Chebet, mamake na jirani mmoja walikuwa shambani. Mawe yalipoanza kuanguka, mama na yule jirani walikimbilia banda la ng'ombe. Chebet alikuwa mbali kidogo, mstari wa chini, kikapu kimejaa. Alijikinga chini ya mgrevilea ukingoni mwa shamba. Radi ikapiga mti.

Jirani ndiye aliyenipigia simu. Sikumwelewa mwanzoni, nilidhani ni mambo ya mtandao.

Mazishini niliombwa niseme kwa niaba ya walimu. Niliongea kuhusu mwandiko wake na nidhamu yake. Halafu nikasema alikuwa mtoto mwenye subira. Neno lilitoka lenyewe, na lilipotoka nikakaa kabla sijamaliza. Watu walidhani ni majonzi. Prinsipo aliniambia tukirudi kwamba radi haitumwi na mtu, nisijitese. Mchungaji akasema ni mapenzi ya Mungu. Lakini mimi nilijua mahali ambapo Mungu angemkuta siku hiyo saa tisa kama ningechukua kalamu mwezi wa Septemba. Angemkuta darasani, chini ya paa, amevaa yunifomu.

Ukutani nilibandua manila. Hakuna aliyeuliza iko wapi.

Juni majibu ya vyuo vikuu yakatoka, yakaingia yote kwenye simu yangu, kama kila mwaka. Nilikuwa napalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba. Simu ililia mfukoni ikaendelea kulia, hongera fulani, hongera fulani, nami nikawa nasimama kila mara, napangusa mikono, napigia mjomba wa huyu na kaka wa yule. Katikati ya majina hayo likaja la Chebet. Hongera, amepata nafasi, shahada ya uuguzi.

Niliweka jembe chini. Kazi ileile. Nilikuwa nimemzuia asiende kuwa muuguzi ili asubiri kuwa muuguzi.

Siku mbili sikujua la kufanya. Ningeweza kuufuta ule ujumbe na asingejua mtu yeyote duniani. Siku ya tatu nilipanda kwenda kwa mamake. Sikuona kwamba nina haki ya kubaki na habari ya mtoto wake kwenye simu yangu. Alinikaribisha jikoni kwa nyanya, akanimiminia chai ya maziwa, tukauliziana habari za mvua na ng'ombe mpaka zikaisha. Nikamsomea. Akaniomba nisome tena kwa Kikipsigis. Nikasoma.

"Kwa hivyo alikuwa amepita," akasema.

"Alikuwa amepita."

Alikoroga chai yake, ingawa haikuwa na sukari ya kukoroga.

"Na ile shule nyingine, Mwalimu. Ile ya misheni, ya ile karatasi. Hiyo ilifunguliwa mwezi gani?"

Nilikuwa nimeliogopa swali hilo njia nzima. Nikamjibu, "Machi."

"Machi," akasema. "Machi tulikuwa tunachuna kwa mzee yule wa barabarani. Chebet alikuwa ananiimbia kwenye mistari ya majani."

Nikamwambia kwamba fomu ilikuwa kwangu. Kwamba binti yake alikuja mara tatu na sikusaini, na kwamba sababu yangu haikuwa Cheptoo peke yake. Nikamweleza habari za ubao wa langoni. Sijui nilitaka nini, pengine nilitaka anifukuze. Hakunifukuza. Alinitazama muda mrefu, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kusoma kitu bila miwani. Halafu akasimama, akanifungia maziwa kwenye chupa nimpelekee mume wangu, akanisindikiza mpaka barabarani kama mgeni yeyote. Tukiagana akasema, "Kongoi, Mwalimu." Asante. Hata leo sijui alinishukuru kwa lipi, na sidhani nina ruhusa ya kuuliza.

Agosti nilistaafu. Shule ilinipa blanketi na saa ya ukutani. Nilipokuwa nasafisha meza niliivuta droo ya chini mpaka ikatoka yote, na fomu ya Chebet ilikuwa huko, imekunjwa pembeni, mwandiko wake umenyooka. Nimeiacha humo. Mkae nayo. Akija msichana na fomu yake mapema, msimtazame kama mtu anayekimbia bila kuambiwa aende wapi. Muulizeni kule anakosubiria kukoje. Vyuo vya spika vipo, na mvikague, mpige simu, mwende mkaone bweni kwa macho yenu. Lakini mkaguzi wa chuo si mwenye maisha ya mtoto. Na namba mtakayoandika iwe ya nyumbani kwao, hata kama ni ya mjomba asiyepokea.

Nilidhani nimemaliza. Septemba, katikati ya juma, nikiwa nakunywa chai barazani kama mtu asiye na kengele ya kukimbilia, simu ikaingiza ujumbe. Chuo kikuu kilisema kwamba mwanafunzi Chebet hajaripoti, na nafasi yake itapewa mwingine. Tafadhali jibu ujumbe huu kwa kutaja sababu.

Niliandika kwamba amefariki. Nikalitazama neno hilo. Ni kweli, lakini sababu si hiyo. Nikalifuta, nikaandika upya: Aliomba mapema. Mwalimu alimwambia asubiri.

Nikaweka jina langu, nikatuma.